Mwaka Tuliopikia Matimba

Nilisimama nyuma ya wanafunzi wa darasa la sita nikasikiliza jinsi nilivyoua watu wanne. Aliyekuwa anasimulia ni Maduhu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, kofia ya pama kichwani, kipaza sauti mkononi, na kila alipofika mahali pa kutisha alishusha sauti na watoto wakasogea mbele. "Palikuwa na mpishi mmoja," alisema, "binti mzuri tu, lakini jeuri. Aliambiwa asivuke jiwe akiwa kwenye siku zake. Yeye akavuka. Mlima ukakasirika." Mwalimu wao, mwanamke kijana mwenye miwani, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akawaambia waandike. Wakaandika. Nikaona kalamu zinakimbia kwenye madaftari na damu ikanichemka mpaka masikio yakaziba. Binti huyo jeuri ni mimi. Naitwa Minza, nina wajukuu saba, nina kibanda cha vitenge pale Binza, mjini Maswa, na sijawahi kuvuka jiwe lolote.

Nilikuwa nimekwenda Mwashilungu kwa nia njema kabisa. Ni kilima kidogo tu nje ya Bariadi, huwezi kukijua kama hujaelekezwa. Zamani palikuwa na machimbo ya dhahabu, na watu walijaa pale kutoka kila upande wa Usukuma. Leo dhahabu imekwisha, mashimo yamefunikwa kwa miiba ili mbuzi wasitumbukie, na watu wamerudi kwenye pamba yao. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumemzika Nkwimba kule Sola. Nkwimba ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko letu enzi zile, na pale msibani nikaambiwa kuna kamati imeundwa, inakusanya kumbukumbu za machimbo, na kutakuwa na siku ya wote waliowahi kufanya kazi pale kukutana. Nikasema nitakwenda, niwaone waliobaki kabla na mimi sijabebwa. Nikatafuta nauli, nikavaa kitenge kipya. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ubao wa chuma uliopakwa rangi ya kijani: "Duara la Lugata. Hapa wachimbaji wanne walipoteza maisha baada ya mwanamke mmoja kukiuka mwiko." Niliusoma mara mbili. Kukiuka mwiko! Kiswahili kizuri cha ofisini, kimepigwa rangi na kufungwa kwa nati nne. Hata jina hawakuhangaika kulitafuta.

Sasa nasema mimi. Habari za kwetu, za nani alinizaa na kwa nini nikaondoka nyumbani, siziandiki hapa, hazihusiani na haya. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipofika Mwashilungu, na nilikaa mwaka mmoja, kuanzia mavuno ya pamba hadi mavuno yaliyofuata. Shimo la kuchimbia tuliliita duara, na aliyelimiliki tulimwita mwenye duara. Mwenye duara wetu alikuwa Mzee Lugata, mtu mnene wa sauti ya upole, ambaye hakuwahi kumkaripia mtu mbele ya chakula. Masharti yake yalikuwa mepesi: yeye analeta unga na kuni, sisi wanawake watano tunapika, wanaume wanakula na kushuka. Jiko lilikuwa nguzo sita na turubai juu, na upande wa duara ukuta wa mabua ya mtama. Asubuhi tulipika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, mchana ugali wa mtama uliochanganywa na mahindi, na dagaa waliotoka Nassa kwenye magunia, wananuka ziwa mpaka nywele zetu zikanuka ziwa. Siku za Jumapili ilikuwa nyama. Wanaume wazima walipita na kuniamkia, "Mwangaluka mayu," mimi mtoto wa juzi naitwa mama, naitikia kwa madaha, "Mwangaluka baba," na Nkwimba ananifinya ili nisiunguze ugali kwa kuringa. Ule ukuta wa mabua haukuzuia neno hata moja. Wanaume walikaa upande wa pili kuvuta sigara na walizungumza kila kitu, ugomvi wao, wake zao, hofu zao za chini, kana kwamba wapishi hatuna masikio.

Miiko ilikuwepo, sikatai. Hatua thelathini hivi kutoka mdomo wa duara paliwekwa jiwe kubwa lililopakwa chokaa, na mwanamke hakulivuka, awe kwenye siku zake au asiwe. Chakula tulikiweka kwenye jiwe, wao wakaja kukichukua. Hakuna aliyepiga mluzi pale, hakuna aliyeshuka na viatu vyekundu. Sisi tuliyafuata yote hayo bila kuuliza, jinsi unavyofuata njia uliyoikuta. Na leo ndiyo yamekuwa urithi wetu, naambiwa. Watoto wanaletwa na mwalimu kuja kuandika kwamba tulikuwa na miiko. Mbona hakuna aliyewafundisha kwamba tulikuwa na matimba?

Matimba ni magogo. Ndiyo yanayosimamishwa chini kwenye njia za duara, huku na huku na juu, ili kuta na dari zisiwaangukie watu. Aliyeyasimamisha kwetu alikuwa Jilala, mtu wa Meatu, mwenye umri wa kunizaa, mrefu hata akikaa. Kila gogo alilolichonga alilikata mikato miwili kichwani, sawasawa na alama iliyokuwa kwenye masikio ya ng'ombe wao. Alisema akipita chini gizani anapapasa, akizikuta alama zake anajua yuko nyumbani. Mimi alinitania kila siku: "Nke wane, leo umenipikia nini?" Yaani mke wangu. Namjibu kwamba mke wake yuko Meatu anakula maziwa mgando na mimi sitaki kuwa mke mdogo wa mtu. Watu wanacheka. Hakuwahi kunigusa hata mkono, na nataka hilo lieleweke, maana kuna wanaodhani mpishi wa machimbo alikuwa wa kila mtu.

Ili mnielewe, lazima mjue habari ya kuni. Upande ule wa Bariadi hauna msitu. Ng'ombe wamekula, pamba imekula, na miti iliyobaki iko kwenye ngitili za watu, malisho yao ya akiba, ambako ukikata tawi moja unaitwa kwenye kikao. Sisi tulipikia miti ya pamba iliyong'olewa shambani baada ya mavuno. Inawaka puu, inazimika. Unapika ugali wa watu sitini huku mwenzako amepiga magoti anachochea bila kupumzika, macho mekundu, na bado ugali unatoka mbichi katikati na unatukanwa. Ikiisha miti ya pamba unaokota mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Sasa katikati ya mwaka ule, mvua zikiwa zimechelewa na hata miti ya pamba imekwisha, Maduhu akaja jikoni na magogo matatu begani. Maduhu huyuhuyu wa kipaza sauti. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano, ana nguvu, anatumwa kila mahali na Lugata. Magogo yalikuwa ya mgunga, makavu, mazito, yamepasuka kidogo. "Mzee amewaletea kuni," alisema. Loo, tulishangilia! Nkwimba alipiga vigelegele. Gogo moja lilipika asubuhi mpaka jioni, kaa lake linadumu, ugali umeiva hadi chini. Kesho yake akaleta mengine, na kesho kutwa mengine. Wiki tatu tuliishi kama matajiri.

Ile mikato miwili niliiona. Naandika hili kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimejisafisha tu. Niliiona kwenye gogo la pili au la tatu, nikaifuta udongo kwa kidole, nikalisukuma gogo motoni. Sikujiuliza. Kazi yangu ilikuwa chungu kichemke.

Siku moja mchana Jilala, aliyekuwa amerudi jana yake kutoka kwao alikokaa tangu kuni zile zianze kuja, aliingia jikoni kuomba kaa la kuwashia sigara. Aliinama. Halafu akapeleka mikono yake miwili kwenye moto, akavuta gogo lililokuwa linawaka upande mmoja, akalitupa chini na kulimwagia maji ya kuoshea vyombo. Jiko likajaa moshi. Nkwimba akapiga kelele kwamba amemharibia ugali.

"Hili nimelikata mimi," Jilala alisema. "Nani kawaletea?"

"Maduhu," nikasema.

"Mangapi?"

Nikamtazama Nkwimba. Nkwimba alikuwa anatazama sufuria. "Kuni ni kuni," alisema. "Tukipewa tunapika. Baba, mambo ya chini mkamalizane hukohuko."

Jilala hakubishana naye. Alikwenda pembeni kwenye majivu, akachokonoa kwa kijiti, akatoa kipande kimoja kilichobaki, na kingine, akavipanga chini. Viganja vyake vilikuwa vimeungua na hakuonekana kuvijali. Kisha akatoka, na sisi tukasikia yote kupitia mabua. Lugata alikuwa amefungua njia mpya kule chini, mwishoni mwa ile ya zamani, kwa kuwa mwamba wenye dhahabu ulikuwa unaelekea huko. Magogo ya kuisimamisha yalikuwa hayapatikani. Kwa hiyo alimwagiza Maduhu atoe matimba ya njia ya zamani, moja atoe, moja aache. Yaliyotoka mazima yalikwenda njia mpya. Yaliyopasuka wakati wa kung'olewa yalikuja kwetu. Na ile njia ya zamani ndiyo hiyohiyo watu waliyopitia kila siku kufika kwenye mpya.

"Mzee, umenitolea matimba bila kuniambia," Jilala alisema.

"Nimetoa moja, nimeacha moja," Lugata alijibu kwa sauti yake ileile ya upole. "Hata nyumba yako haina nguzo kila hatua."

"Dari inadondosha. Asubuhi udongo umeniingia shingoni."

"Udongo unadondoka kila shimo. Wewe ni fundi au mtabiri?"

"Simamisha kazi siku mbili tu. Magogo nitayatafuta mwenyewe, hata nikitembea mpaka kwetu."

"Siku mbili! Jana tumeuona mwamba wenyewe, leo unaniambia siku mbili?" Lugata alicheka. "Kama unaogopa, baba, hakuna ubaya. Kaa huku juu umenye viazi na wanawake."

Wakacheka wote. Kicheko cha Maduhu nilikitambua, kilikuwa chembamba. Nikitaka kukasirika vizuri hata leo, nikiwa peke yangu dukani, nakumbuka kicheko kile.

Kesho yake Jilala alikuja jikoni asubuhi, akavuta kigoda, akaomba kisu, akaanza kumenya viazi. Kweli kabisa. Mtu mzima, fundi, viganja vimefungwa matambara, anamenya viazi vitamu mbele ya kila anayepita. Walimzomea. "Mayu Jilala, mwangaluka!" Yeye akawaitikia kwa heshima zote. Alisema hashuki mpaka matimba yarudi. Nilimpenda sana siku ile, kama binti anavyompenda baba yake, na niliona haya kwa ajili ya wote waliokuwa wanacheka. Walioshuka kwenye njia mpya walikuwa watatu, Sitta, Nyanda na Ndaki, pamoja na Maduhu wa kuwapokea mawe njiani. Ilipofika saa tisa alasiri, Maduhu akatoka duarani anakimbia, hana shati, anapiga kelele, "Inalia! Dari inalia!" Wenzake watatu aliwaacha mbele huko, hawajui kitu. Jilala alitupa kisu. Hakuuliza swali. Alimpita Maduhu, akasema, "Nawatoa wale," akakimbia. Mimi nikamkimbilia. Sijui nilitaka nini, labda kumvuta shati. Nilifika kwenye jiwe la chokaa, nikasimama. Hata siku ile nilisimama! Watu wote waliniona nakimbia, na watu wote waliniona nimesimama. Nikamwona anashuka, kichwa chake kikapotea. Tukahesabu labda muda wa kunywa kikombe cha maji. Halafu ardhi ikashuka chini ya miguu yetu, kidogo tu, na vumbi likapanda kutoka mdomoni mwa duara.

Walichimba siku mbili. Waliwatoa wote wanne, na Jilala ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mdomo wa duara, Nyanda akiwa nyuma yake, amemshika mkono. Sitasema zaidi.

Siku ya tatu asubuhi Lugata alileta mganga. Kazi ilikuwa imesimama, wachimbaji walikuwa wameanza kufunga virago, na Lugata aliona atabaki na shimo tupu. Kondoo mweusi alichinjwa kwenye jiwe. Kisha mganga akasema kuna uchafu uliingia duarani, na kwamba uchafu huo ni wa mwanamke. Tukaitwa sote watano, tukapangwa mstari mbele ya wanaume zaidi ya hamsini, na mganga akapita akiuliza mmoja mmoja: siku ile ya ajali ulikuwa kwenye siku zako? Wa kwanza akasema hapana. Wa pili akasema hapana. Nkwimba, aliyekuwa amenishika mkono, akasema yeye hayo yamekwisha. Ikafika zamu yangu. Nikasema ndiyo.

Kwa nini nilisema ndiyo? Nimejiuliza miaka zaidi ya arobaini. Kwa sababu ilikuwa kweli, basi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mkubwa akikuuliza unasema kweli. Kama angeuliza habari ya kuni ningesema pia. Ningesema magogo yalitoka wapi, nani aliyabeba, nani alimtuma, na majivu yake yalikuwa palepale nyuma yetu, rundo kubwa hadi magotini, yeyote angeweza kugeuka akaliona. Hakuna aliyegeuka. Wanaume hamsini walikuwa wamepita wiki tatu kwenye njia ile wakiona mahali palipotolewa magogo, wakanyamaza. Sasa wakapata mtu. Niliona sura zao zinalegea, kama watu waliotua mizigo. Nkwimba akauachia mkono wangu. Lugata akahema kwa huzuni, akasema, "Mmesikia wenyewe, binti amekiri." Maduhu alikuwa mstari wa mbele. Alitazama chini, akachora kitu mchangani kwa kidole cha mguu.

Niliondoka kabla ya chakula cha mchana. Pale njiani nilikutana na mjane wa Jilala, amekuja kuchukua maiti ya mume wake, na alikuwa ameshaambiwa. Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga. Alinitazama tu, akaniambia taratibu, "Dada, ungekaa ndani siku moja." Nikamwomba msamaha! Nilipiga magoti kwenye vumbi, mimi, nikamwomba msamaha kwa kumuulia mume.

Kinachonikera kuliko vyote ni hicho. Niliamini. Niliona magogo, niliona alama, nilisikia maneno yote kupitia mabua, na bado niliamini kwamba ni mimi. Niliolewa Maswa na kwa miaka mingi nikiwa kwenye siku zangu sikusogelea kisima, sikupita mahali wanapochimba msingi, sikuingia shambani mume wangu akipanda. Aliniuliza nina nini, nikamwambia ndivyo tulivyolelewa. Mpaka siku moja pale Binza, kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa karibu na kibanda changu, fundi aliondoa mirunda, ile miti inayoshikilia zege, kabla zege halijakomaa. Zege likashuka lote na mtu akavunjika mguu. Umati ukajaa, wakamkunja fundi shati, wanamfokea, "Mirunda umeitoa ya nini?" Nilisubiri. Naapa nilisimama pale na beseni la nyanya kichwani nikisubiri mtu aulize ni mwanamke gani amepita akiwa kwenye siku zake. Nilikuwa kwenye siku zangu. Nilikuwa nimepita. Hakuna aliyeuliza! Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nyanya zikamwagika, halafu nikalia, na watu wakadhani aliyevunjika mguu ni ndugu yangu.

Kuanzia siku ile nina hasira. Sikuwa nayo kabla, nilikuwa na aibu tu. Nkwimba tulipatana baadaye, tulitembeleana, tuliozeshana watoto, lakini habari ya kuni hatukuigusa hata mara moja. Nilingoja aanze yeye. Hakuanza, na sasa yuko chini kule Sola, na namlilia na namkasirikia kwa pamoja.

Kwa hiyo Maduhu alipomaliza hadithi yake na watoto wakampigia makofi, nilipita katikati yao. Nikasimama mbele ya kiti chake.

"Mwadila, Maduhu."

Akakunja uso kunitazama. "Mwadila mayu. Ni nani mwenzangu?"

"Mpishi."

Kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi, kwa hiyo pumzi yake ilisikika uwanja mzima. "Minza?" alisema. "Mbona... tulisikia ulishafariki."

"Mlisikia kwa nani?"

"Watu tu."

"Na maiti hajibu. Ndiyo ukaona umbebeshe wanne?"

Akajaribu kucheka. Kicheko kilikuwa kilekile chembamba. Mwenyekiti wa kamati akaja haraka, mwanaume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi, na niliposikia jina lake nilielewa ubao ule umetoka wapi. Ni mtoto wa marehemu Lugata. Alinishika kiwiko kwa adabu. Sauti ni ya baba yake.

"Mama, karibu sana, tumefurahi uko hai. Leo ni siku ya furaha. Hiyo sentensi kama inakuumiza, tutakaa na kamati, tutaifuta."

"Mtaandika nini badala yake?"

"Tutaandika kwamba duara liliporomoka."

"Lenyewe?"

"Mama, zamani yaliporomoka mengi."

Nikautoa mkono wake kwenye kiwiko changu. "Usifute ili uninyamazishe," nikamwambia. "Andika. Andika kwamba mwenye duara aliamuru matimba yatolewe. Maduhu huyu akayatoa na kuyabeba mpaka jikoni. Nkwimba na mimi tukayapikia, mpaka fundi alipoyakuta motoni. Watu waliyaona mapengo na wakapita. Andika yote, na mimi uniandike, jina langu Minza, sina shida. Lakini jiwe sikuvuka." Sikuwa nahitaji kipaza sauti. Watoto walikuwa wamesimamisha kalamu. Mmoja akamuuliza mwalimu wake, "Madamu, tufute?"

Wote wakamgeukia Maduhu. Alivua pama, akaishika mapajani. "Nilitumwa," alisema. Baadaye akaongeza, "Nilikuwa na njaa kama ninyi wote."

Hapo ndipo alipoinuka mwanamke mmoja kutoka kwenye viti vya mbele, vile walivyowekea ndugu wa marehemu. Mrefu. Hakuhitaji kunitajia baba yake ni nani. Alikuwa amevaa fulana ya kamati yenye majina manne mgongoni, na alikuja moja kwa moja hadi kwangu, hakumtazama mwenyekiti, hakumtazama Maduhu.

"Baba alijua?" aliniuliza. "Alijua kwamba patadondoka?"

"Alijua. Alikuwa amekataa kushuka. Alikaa na sisi tangu asubuhi anamenya viazi, wanamcheka."

"Sasa alishuka kwa nini?"

"Wenzake watatu walikuwa chini. Alisema, 'Nawatoa wale.' Ndilo neno lake la mwisho nililolisikia. Na Maduhu alilisikia, maana walipishana palepale."

Hakulia. Alijifuta viganja kwenye ile fulana, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo mpaka nikaona ni hasira, tena kubwa kuliko yangu.

"Sisi tuliambiwa alikufa kwa mkosi," alisema. "Mama alikulaani wewe mpaka siku anakata roho. Wewe. Kila jioni kabla ya kulala, alianza na wewe. Sasa nani atakwenda kumwambia?"

Swali lile halikuwa langu. Nikasogea pembeni, ili amwone Maduhu vizuri.